Wanaolipwa kuzisemea serikali za nje: kuna kosa gani kutowaamini?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kuna kampuni za uhusiano wa umma zinazolipwa na serikali za nje ili zizisemee vizuri serikali hizo. Wananchi wengi hawaziamini, na mimi niko upande wao.

Tarehe 10 Oktoba 1990, miezi miwili baada ya Iraq kuivamia Kuwait, binti Mkuwait wa miaka 15 aliketi mbele ya wabunge wa Marekani mjini Washington. Alitambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah, eti kuwalinda jamaa zake waliobaki nyumbani. Akasimulia huku analia kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto hospitalini na kuwaacha wafe kwenye sakafu ya baridi. Nani angesikia hayo moyo usimuume? Rais wa Marekani wakati huo, George Bush (baba), aliirudia habari hiyo mara kadhaa. Januari 1991 Seneti ikaidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47, na baadhi ya maseneta walikuwa wameitaja.

Mwaka 1992 ndipo umma ulipojua kwamba yule ni binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani. Kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill & Knowlton ndiyo iliyomwandaa. Ililipwa zaidi ya dola milioni 10 na kikundi kilichojiita cha raia, ilhali karibu fedha zake zote zilitoka kwa serikali ya Kuwait. Kikao chenyewe hakikuwa cha kamati rasmi, hivyo hakuna aliyeapishwa. Baada ya vita, waliokwenda hospitalini kuchunguza hawakupata ushahidi wa alichosimulia.

Kinachonichoma ni kwamba Wakuwait waliteswa na kuuawa kweli. Ukweli wao ulitosha kabisa.

JIBU: Mkuu, nakuelewa, ila usiwahukumu wote kwa kosa la mmoja. Nchi imevamiwa, isitafute wa kuisemea? Mshtakiwa ana wakili wake na hatumwiti wakili mwongo. Isitoshe, Marekani ina sheria tangu 1938: ukiifanyia kazi serikali ya nje, unajiandikisha na kutaja malipo yako.

MLETA MADA: Ndugu yangu, asante kwa kuileta hoja ya wakili. Wakili anasimama mbele ya hakimu, upande wa pili unamsikia na unamhoji, na kila aliyemo ukumbini anajua anamtetea nani. Siku ile Washington hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu sheria, hapo ndipo penye kidonda. Hill & Knowlton walijiandikisha. Makaratasi yalikuwepo Wizara ya Sheria, na malipo yameandikwa. Lakini aliyekuwa sebuleni akimtazama yule binti kwenye televisheni angeyaonea wapi? Ndiyo, sheria inataka maandishi yanayosambazwa yataje anayewakilishwa. Ujumbe ukishapita kwenye kinywa cha shahidi au kalamu ya mwandishi wa makala, kule kutajwa kwa anayewakilishwa kunabaki nyuma na maneno yanasonga mbele peke yake. Ninachodai ni mlipaji atajwe palepale maneno yanaposemwa, na wahariri wakatae kuchapisha mpaka wamjue.

Sasa nikuulize: siku ile angetambulishwa kama binti wa balozi, unadhani wangemsikiliza vilevile?