Naomba ushauri: dogo anagombaniwa na maticha wawili

Wakuu heshima kwenu. Mdogo wangu yuko fomu three, anacheza mpira namba 9 (straika) na anakimbia mita 400, sasa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) inakaribia, ticha wa mpira anamtaka na wa riadha naye anamtaka, halafu uwanja ni mmoja tu tena wa changarawe, njia za mbio zimechorwa kwa majivu, mpira ukianza wa riadha wanakaa pembeni mpaka giza linaingia. Juzi kafanya vyote siku moja karudi anachechemea, goti limevimba kama andazi. Mama anasema aache vyote asome (mama naye!). Mi naona kipaji kiko kwenye mbio ila roho yake iko kwenye mpira. Nimwache achague mwenyewe au niende nikaongee na hao maticha?