Mrejesho: Sindano iliyonichoma nikizoa taka za wodini

Ndugu zangu, mwezi Machi niliuliza nifanye nini baada ya kuchomwa kidole na sindano iliyotumika, iliyotupwa ovyo katika mfuko wa taka za kawaida, na ninawashukuru nyote mlionijibu usiku ule ule.

Niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kama mlivyonionya, kisha alfajiri nikaanzishiwa dawa kinga za VVU, ambazo ni lazima zianze ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kichefuchefu kilinitesa, na mara moja nilichelewa dozi kwa saa kadhaa, lakini nilimaliza, na kipimo cha miezi mitatu hakikuonyesha maambukizi.

Aliyenikumbusha kwamba virusi vya homa ya ini B huambukizwa kwa sindano kwa urahisi kuliko VVU ndiye aliyenisaidia zaidi, kwa sababu sikuwa nimewahi kuchanjwa, na sikujua hata kuuliza. Nimepata dozi mbili. Ya tatu ni Septemba. Homa ya ini C haina chanjo, hivyo napimwa tu.

Ushauri wa kuripoti kwa maandishi umefaulu nusu: masanduku ya kutupia sindano yameletwa, ingawa bado hujazwa kupita alama ya robo tatu, na glovu nzito sisi wafanya usafi tungali tunajinunulia.