Maikro-RNA na uvimbe wa ubongo: je, damu yatosha?

Mwanafunzi wa maabara, Dodoma:
Shikamooni wakubwa. Je, maikro-RNA (molekuli fupi za seli zinazodhibiti kazi za jeni) zilizomo katika damu zaweza kubainisha glioblastoma, saratani kali ya ubongo, bila fuvu kufunguliwa?

Mpatholojia, Singida:
Marahaba. Bado. Maikro-RNA ya 21 huongezeka katika uvimbe huo na kuzinyamazisha jeni zinazozuia ukuaji wa seli. Lakini huongezeka pia katika saratani ya matiti na ya mapafu, hivyo peke yake haionyeshi ni kiungo gani kinachougua.

Mteknolojia, Kondoa:
Naongeza kuwa chembe nyekundu za damu zikipasuka njiani humwaga maikro-RNA zake na kupotosha kipimo, jambo ambalo, kwa jua letu na safari ya kufikisha sampuli Dodoma mjini, ningelihofia kuliko gharama.

Mwanafunzi wa maabara, Dodoma:
Nimeelewa. Kumbe kinyama cha uvimbe kingali kinahitajika.