Kujua umbo na mkao wa setilaiti kwa mwanga wake

Ujiji_Anga: Wakuu, niko Kigoma, nina kamera yenye lenzi ya mm 135. Kipande cha roketi kinamulika kila sekunde 6. Ndio muda wake wa kujizungusha mara moja? Umbo nalo linapatikana?

Unyanyembe: Sio lazima. Silinda inayopinduka hukuonyesha ubavu mara mbili kwa mzunguko, hivyo huenda ni sekunde 12. Angalia vilele vya mwanga kwenye grafu: kirefu na kifupi vikipokezana, ni 12. Rekodi video, fremu 10 kwa sekunde au zaidi. Picha ya sekunde 3 hufuta vilele. Kisha toa 5 × log10(umbali wa kipande kwa km ÷ 1000) kwenye magnitudo (kipimo cha mng'ao; namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu), la sivyo utadhani kinafifia kumbe kinaenda mbali tu. Linganisha mng'ao na nyota za jirani, hasa Agosti na Septemba, moshi wa mashamba unapotanda.

Mtemi_K: Umbo kwa pasi moja (chombo kupita angani mara moja), hapana. Bati dogo linalong'aa na kubwa lililofifia hutoa mwanga uleule. Kusanya pasi zenye pembe tofauti kati ya Jua, chombo na wewe.
Mkao, yaani kimeelekea wapi, ni rahisi kidogo: mmuliko mkali wa ghafla maana yake uso bapa umeelekea katikati kabisa ya Jua na wewe. Mwenzako akirekodi Tabora, zaidi ya km 300 kutoka hapo, tofauti ya saa za mimuliko itakusaidia kukisia mhimili kinaozungukia.

Ujiji_Anga: Saa ya kompyuta inatosha?

Unyanyembe: Hapana, huenda mbele au nyuma. Tumia saa ya GPS.