Stovu ya kuni ya kupachika kwenye meko ya zamani Lushoto: ije na kontena au isije?

Kutoka: Mbezi Beach

Wakubwa shikamooni. Nyumba ya familia ya Lushoto ina meko ya ukutani ya matofali, yale ya wazi. Juni na Julai kuni zinateketea kila jioni na sebule haipati joto. Kaka yupo Leicester, ana nafasi kwenye kontena linalokuja Dar, na ameona stovu ya chuma yenye mlango wa kioo, kilowati 8, bei ya kutupa. Sebule ni mita 5 kwa 4, dari mita 2.7. Aichukue?

Kutoka: Birmingham

Marahaba. Aiache.

Piga hesabu ya chumba kwanza. 5 × 4 × 2.7 ni mita za ujazo 54. Nyumba yenye kuta na dari zinazotunza joto kiasi, gawanya kwa 14: unapata kilowati 3.9. Nyumba ya zamani isiyo na kitu darini, gawanya kwa 10: 5.4. Kwa hiyo tafuteni ya 5. Ya 8 itawatoa jasho, mtaibania hewa, na hapo ndipo ubaya unapoanza: moto uliobanwa haumalizi kuunguza moshi, moshi unaganda dohanini (bomba la moshi la nyumba) kuwa lami nyeusi, na siku moto ukikolea lami hiyo inawaka yenyewe juu kwa juu.

Kuni kavu za unyevu wa asilimia 20 zina takriban kilowati-saa 4 kwa kilo. Stovu ya kilowati 5 yenye ufanisi wa asilimia 75 itakula kilo 1.7 hivi kwa saa. Jioni ya muda wa saa nne ni kilo 7.

Ila mmeanzia mwisho. Stovu ndiyo ya kununua mwisho, dohani ndiyo ya kukagua mwanzo. Ina urefu gani kutoka sakafu ya meko? Chini ya mita 4.5 haitavuta vizuri, na Lushoto iko juu kama mita 1,400, hewa ni nyepesi, mvuto unapungua zaidi. Kwa juu izidi paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na izidi chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60, kigongo cha paa kikiwemo. Miti msiisahau.

Kisha ndani ya dohani lipite bomba la stenlesi linalopinda, la tabaka mbili, kipenyo milimita 150, kuanzia stovu mpaka kofia. Wengi wanaruka hatua hii, wanasukuma stovu ndani ya meko na kuacha moshi ujitafutie njia. Tazama tofauti: bomba la milimita 150 lina eneo la sentimita za mraba 177. Dohani ya sentimita 30 kwa 30 ina 900. Moshi ukitoka kwenye nafasi ndogo kuingia kubwa mara tano unapunguza mwendo, unapoa, unaacha lami ukutani. Na stovu inatoa moshi wa baridi kuliko meko ya wazi, maana joto limebaki chumbani. Dohani iliyofanya kazi miaka hamsini na moto wa wazi inaweza kukataa stovu wiki ya kwanza.

Bomba lina mishale; ielekee juu, ili lami ikichuruzika irudi ndani ya stovu. Agizeni urefu wa dohani na nusu mita ya ziada.

Kutoka: Gerezani, Dar

Naongezea upande wa karakana. Bamba la kuziba dohani juu ya stovu, mabano ya kushikilia bomba, kofia ya mvua: hivyo vyote vinachomelewa hapa. Bamba liwe la milimita 1.5, likatwe kwa grenda baada ya stovu kuwekwa mahali pake, siyo kabla. Pembeni pazibwe kwa simenti ya kuhimili moto. Simenti ya kawaida itapasuka.

Bomba lenyewe lije na kontena, stenlesi ya daraja la 316 au 904L. Msikubali fundi awatengenezee la bati la zinki, hata kama anang'ang'ania kwamba “linapiga kazi”. Zinki inayeyuka nyuzi 419, na moto wa dohani unapita hapo mara mbili. Kwa 316, sumaku hainasi, au inanasa kwa mbali sana.

Jambo la Dar: stovu ikikaa miezi hapa ikisubiri lori la Lushoto, chumvi ya baharini na jasho la mji vinaila. Ifuteni mafuta mepesi, mlango uachwe wazi kidogo ili kamba ya kuziba mlango isiote ukungu, na isikae moja kwa moja sakafuni. Matofali ya ndani yasafirishwe pembeni. Yakiruka ruka ndani ya stovu njia nzima yatafika vipande. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Ushuru wa forodha na mambo ya TBS (Shirika la Viwango) muulizeni wakala kabla mzigo haujapakiwa.

Kutoka: Mbezi Beach

Asanteni sana. Mdogo wetu mwingine yupo Houston, anasema Marekani kuna zenye feni ya kusukuma joto. Na je, mkaa unafaa humo?

Kutoka: Sinza

Feni ya huko ni volti 120, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 60. Bila transfoma itaungua siku ya kwanza. Ukiwa na transfoma, hezi za hapa bado ni 50, mota inazunguka taratibu na kupata moto. Chukueni isiyo na feni.

Mkaa, hapana. Stovu ya kuni tupu inapokea hewa kutoka juu na kuni hulala juu ya majivu ya sentimita mbili tatu, kwa hiyo msiyazoe yote kila asubuhi. Mkaa unataka hewa ya chini, na hewa yake ya sumu haina harufu. Kama mmebadilisha madirisha kuwa ya alumini yanayofunga kabisa, toboeni ukuta: milimita za mraba 550 kwa kila kilowati, kwa hiyo 2,750 kwa stovu ya 5. Wekeni na kengele ya monoksidi, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye stovu.

Kuni za mkaratusi zipasuliwe unene wa sentimita 10 hivi na zikae mwaka mzima chini ya paa lenye upepo. Kipima unyevu kichomekwe kwenye uso uliopasuliwa sasa hivi. Ganda la nje linadanganya.

Kutoka: Birmingham

Kabla kaka hajalipa, mpelekeeni vipimo vitano kwa milimita: upana wa mbele, upana wa nyuma, kimo cha mbele, kimo cha nyuma, kina. Meko mengi yanabana kuelekea nyuma, na upana wa nyuma ndio unaokwamisha. Mbele ya stovu sakafu isiyoungua iwe milimita 300 angalau, zikifika 400 ni bora. Akikuta iliyotumika, afunge mlango juu ya karatasi na kuivuta. Ikichomoka kirahisi, aongeze kamba mpya kwenye oda.