Dar–London kikazi: daraja la biashara, la kati au la kawaida, lipi linachafua hewa kidogo?

Mhasibu_Kinondoni: Habari za jioni wakuu. Ofisini tunaandika upya utaratibu wa safari za kikazi. Mteja wetu mkubwa wa nje anadai taarifa ya hewa ukaa ya kila safari, mpaka daraja la kiti. Mabosi wamezoea daraja la biashara. Wapo wanaotaka wote washuke la kawaida, wengine wanasema la kati (premium economy) linatosha. Tiketi zinakatwa Ijumaa. Nipeni mawazo.

mtoto_wa_Muheza: Mkuu, hapo tutakusaidiaje? Wanapitia wapi? Ndege za usiku au mchana? Wakifika wanaingia kikaoni au wanalala kwanza?

Mhasibu_Kinondoni: Njia bado. Wanafika asubuhi, kikao mchana wa siku hiyohiyo.

Dada_Anga: Kinachohesabiwa ni nafasi unayochukua. Kiti kinachogeuka kitanda kinakula sakafu ambayo ingebeba abiria wengine, na mafuta ya ndege yanagawanywa kwa nafasi hiyo. Kwa viwango vya serikali ya Uingereza, safari ndefu, la kati ni mara 1.6 ya la kawaida, la biashara mara 2.9, la kwanza mara 4. Tazameni pia ndege ya aina moja, Boeing 787-8, viti vya biashara vikizidi abiria wanapungua: ya Kenya Airways ina viti 234, vya biashara 30. Ya Air Tanzania ina 262, vya biashara 22. Mimi ningeandika la kawaida kwa wote, na bosi asiwe na msamaha.

Mzee_wa_Reli: Sikubaliani, binti yangu. Kiti kipo, ndege itaruka tu. Wakishuka hao, atakaa mwingine.

Dada_Anga: Shikamoo mzee. Kiti kipo kwa sababu kuna anayekilipia, na wengi wanaolipia ni kampuni kama hii. Zikiacha, mashirika yatapanga viti upya. Ndiyo maana utaratibu wa kampuni una uzito kuliko tiketi moja.

Mzee_wa_Reli: Marahaba. Lakini hayo yatachukua miaka.

Kahawa_Mbinga: Jamani, daraja la kawaida peke yake halitoshi. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilifuta daraja la biashara, tukashangilia. Kumbe waliandika pia kwamba lazima tiketi ya bei ya chini kabisa. Wakala akanikatia ya kwenda Ulaya kwa kuunganisha ndege tatu, tena kwa kuzunguka. Kila kupaa ndege inaunguza mafuta mengi, na kilomita zikaongezeka, kwa hiyo hata hiyo hewa ukaa tuliyodhani tumeipunguza sijui iliishia wapi. Usiku kucha nilikaa kiti cha katikati, magoti yamegusa kiti cha mbele. Kufika, miguu imevimba, viatu vimegoma kuingia, nikavaa kandambili mpaka kwenye foleni ya pasipoti. Begi lenye sampuli za kahawa likabaki njiani. Mnunuzi anataka kuonja, mimi sina hata punje. Ikabidi safari irudiwe. Mhasibu, andika njia kwanza, daraja baadaye!

mtoto_wa_Muheza: Pole sana. Hapo nakuunga mkono. Kupitia Nairobi ni karibu mstari ulionyooka. Kupitia Doha unakwenda mashariki kwanza ndipo urudi magharibi. Na lile la kati halipo kila shirika: KLM wanalo, Qatar Airways hawana.

Bi_Mikoko: Na kulipia miti ipandwe inyonye hiyo hewa ukaa je? Wafidie tu hivyo, wakae wanapotaka.

Dada_Anga: Bi Mikoko, mti unachukua miaka kukua, moshi umeshatoka leo. Kufidia kuje baada ya kupunguza.

Mzee_wa_Reli: Mnahangaika na London, na Dodoma je? Tangu 2024 treni ya umeme ipo, bado maofisa wanapanda ndege. Umeme wenyewe tunao, bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115.

Kahawa_Mbinga: Mzee, wiki iliyopita nilikosa tiketi ya treni, siti zimejaa.

Mzee_wa_Reli: Kata mapema. Kaa upande wa dirisha, uone milima ya Uluguru.

mtoto_wa_Muheza: Kwa Dodoma mzee kasema kweli, hilo nalo liandikwe kwenye utaratibu.

Mhasibu_Kinondoni: Asanteni. Naegemea la kawaida kupitia Nairobi, wafike siku moja kabla. Ila mkurugenzi ana tatizo la mgongo, ana barua ya daktari. Yeye nimwandike la kati au la biashara?

Dada_Anga: Kupitia Nairobi hilo la kati lipo? Muulize wakala kwanza.

Bi_Mikoko: Na kwani kikao hicho hakifanyiki kwa Zoom?