Kondoo 60, ekari 20 za nyasi asilia, mvua bado: nipunguze kundi au ninunue nyasi?

Elementaita20
Wadau, habari zenu. Shamba ni ekari 20 kati ya Gilgil na Elementaita, nyasi za asili tupu. Mteremkoni kuna Themeda, bondeni ukoka na star, upande wa juu vichaka vya leleshwa. Kondoo ni majike 60, chotara wa Dorper na Red Maasai, kilo 40 hivi kila mmoja, na wengine watazaa Machi. Mvua za vuli zilikatika mapema, na sasa ni katikati ya Januari. Nimegawa shamba vipande vinne kwa waya na ninazungusha kila wiki mbili, lakini nikirudi kwenye kipande nakikuta vilevile nilivyokiacha. Niuze baadhi sasa, au ninunue marobota ya nyasi kavu za boma rhodes hadi masika? Na vile vipara karibu na lango vitibiwe vipi?

Fremu_na_Mundu
Ndugu, kabla ya kuuza au kununua, pima ulicho nacho. Tengeneza fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 kwa fito au nondo. Tembea kila kipande kwa mstari ulionyooka na uirushe angalau mara 10 bila kuchagua mahali (jicho hupenda penye nyasi nzuri, na hapo hesabu yote inaharibika). Kata kilichomo ndani ya fremu, ukiacha sentimita 3 chini, na utupe magugu ambayo kondoo hagusi. Anika juani siku tatu, kisha upime kwa mizani ya jikoni. Wastani wa gramu za fremu moja ukizidisha kwa 16 unapata kilo za nyasi kavu kwa ekari.

Sasa usiihesabu yote kuwa chakula. Nusu ni ya kulinda mashina na udongo, na katika nusu inayobaki kuna ya kukanyagwa, ya mchwa na ya kupeperushwa na upepo. Kiangazi mimi huhesabu asilimia 30 tu. Kondoo wako mmoja anahitaji kama kilo 1.2 za chakula kikavu kwa siku.

Kuhusu mzunguko: wiki mbili ni mwendo wa wakati nyasi zinakua. Zikisimama kukua, kuzungusha hakuongezi hata jani moja, ni kugawa akiba tu. Kwa hiyo kipande kiliwe mara moja, na kikifika kimo cha mwisho kifungwe hadi mvua. Themeda isishuke chini ya sentimita 10. Ukoka unaweza kuuachia 5, kwa kuwa mashina yake hutambaa na mengine yako chini ya ardhi. Kondoo hukata chini kabisa kuliko ng'ombe, na Themeda ikikatwa mara kwa mara kwenye kitako, shina zima hufa. Likishakufa, halirudi msimu mmoja.

Elementaita20
Asante sana. Nimepima vipande vyote vinne. Wastani ni gramu 30 kwa fremu.

Fremu_na_Mundu
Basi hesabu ni hii. 30 mara 16 ni kilo 480 kwa ekari, yaani kilo 9,600 kwa ekari 20. Asilimia 30 yake ni kilo 2,880. Kundi linakula kilo 72 kwa siku, kwa hiyo una siku 40. Mvua ndefu zikianza mwisho wa Machi, nyasi za kulisha hazitakuwepo kabla ya katikati ya Aprili, na hizo ni siku 90. Hata mvua zikiwahi, weka 80.

Kondoo 30 watafika siku 80. Ukitaka kubaki na wote 60, pengo ni kilo 2,880 za nyasi kavu, kama marobota 220 ya kilo 13. Piga bei ya hayo pamoja na usafiri, uilinganishe na bei ya kondoo leo mnadani. Pima robota kabla ya kulipa, kwa maana kuna wanaofunga la kilo 9 na kuliuza kwa bei ya 13.

Maoni yangu: uza 20 wiki hii na ununue nyasi za kuwafikisha 40 waliobaki. Waanze kwenda waliokaa misimu miwili bila kuzaa, wenye meno yaliyoisha, na wenye kiwele kilichokauka upande mmoja. Ukingoja Machi, kila mtu kutoka Naivasha hadi Baringo atakuwa anauza kondoo waliokonda, na bei ya siku hiyo haitakusikiliza.

MamaNjoro
Nakubaliana na hesabu, lakini inahusu tumbo kujaa tu. Nyasi za Januari zina protini kidogo sana. Ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumbo kubwa hushindwa kuzimeng'enya, na kondoo hukonda tumbo likiwa limejaa. Wape mashudu ya alizeti au ya pamba, gramu 100 kila mmoja kwa siku. Wenye mimba katika wiki sita za mwisho wape 200 na uwatenge kwenye malisho yao. Kama kazi ni nyingi, toa mgao wa siku mbili kwa pamoja kila baada ya siku moja. Matokeo hayatofautiani sana. Vyombo viwe virefu, sentimita 30 kwa kila kondoo, la sivyo wenye nguvu watamaliza kila kitu.

Mabua ya ngano huku Njoro ni rahisi kuliko boma rhodes, na yanafaa yakitibiwa. Kwa kilo 100 za mabua, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 za maji hadi isibaki chembe hata moja. Nyunyiza tabaka kwa tabaka ukikanyaga, funika kwa karatasi ya plastiki isiyopitisha hewa, uache siku 21. Ukifungua, anika usiku mmoja harufu kali ipungue. Ajali nyingi hutokana na maji ya urea yaliyobaki kwenye ndoo au kutuama chini ya lundo, kondoo mwenye kiu akayanywa. Akianza kutetemeka, kutoa povu na kuvimba tumbo, mnyweshe polepole nusu lita hadi lita moja ya siki na umwite daktari wa mifugo. Wanakondoo wasipewe mabua hayo kabisa.

Jambo la huku kwetu hasa ni madini ya kobalti. Udongo wa volkano wa Bonde la Ufa karibu na Nakuru una upungufu wake, hadi ugonjwa wenyewe ukaitwa Nakuruitis. Kondoo hudhoofika hata malisho yakiwepo. Nunua chumvi ya madini ya kondoo yenye kobalti. Usimpe kondoo chakula cha nguruwe wala samadi ya kuku, kwa sababu shaba iliyomo hujikusanya kwenye ini hadi imuue ghafla.

Elementaita20
Mvua ikianza, niwafungulie lini?

MamaNjoro
Si siku nyasi zinapochipua. Chipukizi la kwanza linakula akiba ya mizizi, na likikatwa hapo nyasi huanza upya bila akiba. Chagua kipande kimoja kibaya kuliko vyote, wafungie humo kwa marobota wiki tatu, hadi Themeda ifike sentimita 15. Kwa hiyo agiza nyasi zinazovuka siku ya mvua. Star iliyonyauka kisha ikachipua ghafla inaweza kuwa na sumu ya sianidi. Wasiingie bondeni wakiwa na njaa. Chanjo ya klostridia (bakteria wanaoua kondoo ghafla) itangulie wiki mbili kabla ya mvua. Mwezi mmoja baada ya mvua, chungulia utando wa ndani wa kope: ukiwa mweupe, mnyoo wa Haemonchus ameshaanza kunyonya damu. Red Maasai huvumilia kuliko Dorper, ila chotara si wa kumwamini.

Leleshwa_Juu
Niongeze vipara. Laza kondoo juu yake usiku. Zizi la kuhamishika la mita 8 kwa 10 linawatosha 60. Wakae usiku saba, kisha lihamishe. Samadi na kwato zitafanya kazi ya jembe. Mvua ikikaribia, kwaruza udongo sentimita moja au mbili, umwage mbegu za nyasi za Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, kilo 2 kwa ekari, ukizichanganya na mchanga mkavu ili zisambae sawa. Mbegu za Eragrostis ziwe za msimu uliopita, kwani zilizovunwa juzi hugoma kuota. Juu yake tandaza matawi ya leleshwa: yanashika maji na kuwazuia kondoo. Kukata leleshwa hakuiui, itachipua tena kisikini, kwa hiyo una matawi ya kila mwaka. Penye mteremko, chimba makingamaji ya nusu duara yenye mdomo kuelekea juu, na upande mbegu ndani. Kipande hicho kisiliwe msimu mzima wa kwanza, hadi nyasi zitoe mbegu zikaanguke zenyewe.